Ushindi wa timu ndogo si muujiza: wanahabari tujifunze kuuliza "namna gani"

Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 2022, mjini Indianapolis nchini Marekani, mtoto wa Lubumbashi alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16 iliyokosa kikapu. Siku nyingine, hesabu kama hiyo inamfanya mchezaji abebwe mabegani. Usiku ule Oscar Tshiebwe alitoka uwanjani akiwa ameshindwa. Timu yake ya chuo kikuu cha Kentucky ilipigwa 85 kwa 79, baada ya dakika 5 za nyongeza, na Saint Peter's, chuo kidogo cha mji wa Jersey City ambacho hakikuwa kimeshinda hata mechi moja katika historia ya mashindano hayo.

Kesho yake neno moja lilijaa kwenye magazeti, redio na televisheni za Marekani, na sisi huku tukalichukua vilevile: muujiza. Miaka imepita, lakini kila mwezi wa tatu, wakati vyuo vikuu vya Marekani vinaporudi kiwanjani kutafuta bingwa, neno hilo linarudi. Sisi tunaona ni neno linalomwibia mshindi. Na kwa namna ambayo watu hawaioni upesi, linamwibia pia aliyeshindwa.

Kwa msomaji ambaye hafuati basketi, tueleze kidogo. Mwaka ule mashindano hayo yalikusanya timu 68 za vyuo vikuu. Zinagawanywa katika makundi manne, na katika kila kundi timu zinapangwa kwa nguvu, toka namba 1 mpaka namba 16. Ukipoteza mechi moja, unarudi nyumbani. Kentucky walikuwa namba 2 katika kundi lao. Ni chuo chenye makombe 8 ya ubingwa wa taifa, na kocha wake wa wakati ule, John Calipari, alikuwa analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Saint Peter's walikuwa namba 15. Ni chuo cha mapadri Wajesuiti, shirika lile lile ambalo watu wa Bukavu wanalijua kupitia Collège Alfajiri. Kocha wao, Shaheen Holloway, hakuwa na jina kubwa nje ya eneo lake.

Masharubu na mpira

Sasa tutazame namna habari ilivyoandikwa. Kijana mmoja wa Saint Peter's, Doug Edert, alikuwa na masharubu membamba ya aina ya zamani. Alifunga pointi 20 usiku ule akitokea kwenye benchi. Kwa siku chache masharubu yale yakawa habari yenyewe. Picha zilizunguka, watu wakacheka, na kampuni ya migahawa ya Buffalo Wild Wings ikampa mkataba wa matangazo. Hatumlaumu kijana. Alicheza vizuri, na bahati ya soko ilipomjia aliipokea.

Lakini yeye hakuwa aliyefunga nyingi. Aliyefunga nyingi ni Daryl Banks, pointi 27. Chukua kalamu ufanye hesabu ndogo. Kentucky walimaliza na 79. Ukitoa 30 za Tshiebwe, wachezaji wengine wote wa Kentucky kwa pamoja walibaki na 49, katika dakika 45 za mchezo. Hapo ndipo habari ilipokuwa imelala. Timu ndogo ilimwacha mkubwa mmoja afunge, ikawabana wengine wote. Katika ligi yao ndogo Saint Peter's walijulikana kwa kuzuia. Mchezaji wao KC Ndefo alikuwa amechaguliwa mara tatu mfululizo kuwa mzuiaji bora wa ligi hiyo. Kitu hicho hakikushuka toka mbinguni usiku wa tarehe 17. Kilikuwa kimeandikwa, kimehesabiwa, na mwandishi yeyote angeweza kukisoma kabla ya mechi.

Tena, muujiza hauna ratiba. Tarehe 19 Saint Peter's waliwapiga Murray State 70 kwa 60. Tarehe 25, mjini Philadelphia, waliwapiga Purdue 67 kwa 64. Wakawa timu ya kwanza ya namba 15 kufika kati ya nane za mwisho. Tarehe 27 wakashindwa na North Carolina 69 kwa 49, safari ikaishia hapo. Jambo likitokea mara tatu ndani ya siku tisa, mbele ya timu tatu tofauti, mwandishi mwenye akili analitafutia jina lingine. Sisi tunaliita kazi.

Mwaka uliofuata ilikuwa vilevile. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2023, Fairleigh Dickinson, chuo kingine cha New Jersey kilichopangwa namba 16, kiliwapiga Purdue waliokuwa namba 1, pointi 63 kwa 58. Purdue walikuwa na Zach Edey, mtu wa mita 2 na sentimita 24. Fairleigh Dickinson walikuwa na vijana wafupi sana kwa mchezo huu. Walifanya nini? Walikimbia. Walimsumbua mwenye mpira toka mwanzo wa kiwanja, wakamweka Edey katikati ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili mpira usimfikie kwa urahisi. Edey alipata pointi zake 21, lakini wenzake hawakufanya ya kutosha. Hapo kuna somo ambalo kocha wa shule yoyote ya Goma, Uvira au Kindu anaweza kulipeleka kiwanjani kesho asubuhi. Ukiandika "muujiza", umemnyima somo hilo. Atabaki na kusimuliwa tu.

Aliyeshindwa naye ni mtu

Tulisema neno hili linamwibia pia aliyeshindwa. Tumfikirie Oscar. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, mji ambamo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mtaa. Aliondoka nchini akiwa kijana, akasoma Marekani, akapita chuo cha West Virginia, ndipo akafika Kentucky. Msimu ule wa 2021-2022 alidaka kwa wastani mipira 15 kila mechi, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi katika vyuo vikuu vya daraja la kwanza. Mwisho wa msimu alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vikuu nchini Marekani. Mkongomani.

Usiku wa muujiza, huyo alikuwa nani katika habari? Alikuwa jitu lililoanguka. Hadithi ya mdogo inahitaji mkubwa mbaya, na mkubwa huyo safari hii alikuwa mtoto wetu. Sisi wa huku tulifanya nini? Wengi tulitafsiri vichwa vya habari vya wengine na kutangaza kwamba "timu ya Tshiebwe imeaibishwa". Wachache tu ndio waliouliza inawezekanaje mtu afunge 30, adake 16, na bado apoteze. Swali hilo lingetuongoza moja kwa moja kwenye akili ya Saint Peter's. Lingetufundisha kwamba mchezo huu ni wa watu watano. Na lingempa Oscar heshima yake.

Mwaka uliofuata, katika mechi ya kwanza ya mashindano hayo hayo, Oscar alidaka mipira 25 dhidi ya Providence na Kentucky wakashinda 61 kwa 53. Huyu alikuwa mtu aliyebeba aibu ya mwaka mzima, akarudi kujibu kwa mikono. Habari hiyo ilipita kimya kwa kulinganisha na ile ya mwaka uliotangulia. Kuanguka kuliuzwa, kuinuka kulipewa mistari michache.

Nani anakula kwenye muujiza?

Tuseme wazi kwamba hadithi hii ni biashara. Mwaka 2010 televisheni za CBS na Turner zilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 10 kwa miaka 14 ili kuonyesha mashindano haya. Mwaka 2016 zikaongeza bilioni 8 na milioni 800 ili mkataba ufike mwaka 2032. Kinachouzwa hapo ni tumaini kwamba mdogo anaweza kumpiga mkubwa. Bila hilo, nani angebaki mbele ya televisheni kutazama chuo asichokijua?

Wachezaji wenyewe walianza kuruhusiwa kupata pesa kwa majina yao tarehe 1 mwezi wa saba 2021 tu. Na hata hapo, anayesoma kwa viza ya mwanafunzi mgeni anabanwa na sheria kuhusu kazi. Saint Peter's walikuwa na mapacha wawili wa Bamako nchini Mali, Hassan na Fousseyni Drame. Walitokwa na jasho lile lile la wenzao. Mwafrika aliyefungua habari ile siku ile alihesabiwa masharubu, na mapacha wa Mali akawakuta chini kabisa, kama aliwakuta.

Kuna wengine pia wanaokula kwenye neno hili, na hao wako karibu na milango yetu. Katika miji yetu vijana wengi wanapeleka pesa kidogo waliyo nayo kwenye michezo ya kubahatisha. Tukiandika kila wiki kwamba lolote linaweza kutokea bila sababu, tunakuwa wapiga debe wa vibanda hivyo bila malipo. Kijana anayesoma kwamba ushindi una sababu anaweza kwenda kufanya mazoezi. Anayesoma kwamba ushindi unashuka tu, anaenda kununua tikiti.

Sisi nasi tuna masharubu yetu

Tusiwacheke Wamarekani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi iliipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 katika kombe la dunia la vilabu. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kufika kwenye fainali ya kombe hilo. Dunia ilikumbuka nini? Ilikumbuka Kidiaba akiruka kwa makalio. Sisi wenyewe tulicheka, tukaiga na tukafurahi, na hatuna haya juu ya furaha hiyo. Lakini waulize vijana leo nani alifunga mabao yale. Ni Kabangu na Kaluyituka. Waulize nani alikuwa kocha. Ni Lamine N'Diaye wa Senegal. Waulize Mazembe walizuiaje timu ya Brazil kwa dakika 90. Kimya. Ngoma ya kipa ilimeza kazi ya kipa, na ya wenzake kumi.

Dikembe Mutombo naye, Mungu ampumzishe, tunaye kwenye picha. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyokuwa ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, kitu ambacho hakikuwa kimetokea katika ligi ya NBA. Picha inamwonyesha amelala chini, ameushika mpira juu kwa mikono miwili, anacheka kama mtoto. Picha hiyo ni nzuri. Ila katika mechi zile tano alizuia mipira 31 iliyokuwa inaelekea kikapuni. Picha inaonyesha furaha. Ile 31 inaeleza ilikotoka.

Na hapa nyumbani tuna neno letu baya kuliko muujiza. Timu ya mtaa ikiipiga timu ya wenye pesa, mara nyingi hatusemi hata muujiza. Tunasema "dawa". Tunasema wamepita kwa mganga. Au tunasema refa. Wamarekani wakimpa mbingu sifa ya mshindi, sisi tunampa mganga. Mchezaji anabaki mikono mitupu pande zote mbili.

Mimi ninayeandika haya nina deni langu. Miaka michache iliyopita timu ya wasichana wa mtaa wa pembeni iliipiga timu kubwa ya mji. Sikuwa kiwanjani. Nilipigiwa simu, nikapewa matokeo, nikaandika mistari sita yenye neno "bahati" mara mbili. Siku kadhaa baadaye mmoja wa wasichana wale alinikuta njiani, akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza: "Yaya, uliandikaka ni bahati. Ile bahati ilikuwa inaamuka saa kumi na moja ya asubui?" Sikuwa na jibu. Kwenye masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, namna gani. Nilikuwa nimejibu manne, nikaweka bahati mahali pa mawili yaliyobaki.

Watakaotupinga

Kuna wenzetu watakaosema michezo ni furaha, watu wamechoka na vita, kuhama na bei za soko, wanataka kucheka kidogo, tusiwaletee darasa. Tunawaelewa. Katika mikoa yetu, siku ambayo habari ya kwanza ni ya mpira ni siku njema. Lakini kueleza namna timu ndogo ilivyoshinda hakupunguzi furaha. Kunaifanya iweze kurudiwa. Mtu ambaye maisha yake yote anaambiwa hana nguvu anahitaji kusikia zaidi ya kwamba mnyonge mmoja alishinda siku moja huko mbali. Anahitaji kusikia alianzia wapi.

Wengine watasema hatuna njia. Hilo ni kweli zaidi. Redio nyingi hazina pesa za kumtuma mwandishi kiwanjani. Ndiyo maana anayelipa usafiri ndiye anayeandikwa, na ile "coupage" tunayoijua wote inaamua timu gani iwe na historia. Timu ndogo haina ya kutoa, kwa hiyo inaonekana tu siku iliyompiga mkubwa, kama vile ilizaliwa asubuhi hiyo. Muujiza mwingi unatengenezwa hivyo: ni timu ambayo hatukuwa tumeenda kuitazama.

Lakini njia ndogo haizuii swali moja. Kumpigia kocha wa timu iliyoshinda na kumuuliza "mlijiandaa namna gani?" kunagharimu dakika tatu za simu. Kumpigia aliyeshindwa na kumuuliza aliona nini kunagharimu nyingine tatu.

Tunaomba jambo lingine pia: turudi. Siku chache baada ya safari yao, kocha Holloway aliondoka Saint Peter's akaenda Seton Hall. Ndefo akamfuata. Edert akaenda Bryant, Banks akaenda St. Bonaventure, mapacha Drame wakaenda La Salle. Timu iliyopendwa na nchi nzima ilivunjika kabla ya mwaka kugeuka, na kamera nyingi zilikuwa zimekwisha ondoka. Virginia nao, waliokuwa namba 1 ya kwanza kupigwa na namba 16 katika mashindano ya wanaume, wakiangushwa na UMBC 74 kwa 54 mwaka 2018, walirudi mwaka 2019 wakachukua ubingwa. Aliyefunga daftari usiku wa kwanza alikosa nusu ya habari, kwa mshindi na kwa aliyeshindwa.

Kila mwaka mwezi wa tatu unarudi, na chuo kidogo mahali fulani Marekani kinajiandaa kumpiga mkubwa. Tutaandika, na tutafurahi. Ila kabla ya kuandika neno lile, tuulize kwanza. Na wakati tunasubiri habari za Indianapolis na Philadelphia, kuna kiwanja cha saruji kilichopasuka si mbali na studio yako, ambako watu wanaanza mazoezi saa kumi na moja ya asubuhi. Yule msichana bado anacheza. Safari hii nimeenda kutazama.